Risala ya Wazazi, Walezi na Walimu wa Watoto Wenye Pumu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Pumu Duniani, Nakuru

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wa bodi ya shule, mwalimu mkuu, viongozi wa dini, wazee wa mtaa, wazazi wenzetu na wanafunzi: itifaki imezingatiwa. Hamjambo?

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika wewe mwenyewe. Tumewahi kupokea wawakilishi wengi, nao ni watu waungwana, ila kila tukiwaeleza shida yetu wanajibu, "Nitamfikishia." Leo hakuna wa kufikishiwa. Karibu Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, ingawa vumbi la Januari bado halijapata habari hizo.

Kikundi chetu kilianzishwa na wazazi waliozoea kukutana usiku wa manane kwenye benchi la wagonjwa wa dharura, kila mmoja na mtoto anayekoroma kifua. Wakaona heri wakutane mchana, hapa shuleni. Historia yetu ni hiyo.

Mafanikio ni makubwa. Tumefungua kiwanda cha vifaa vya kuvutia dawa, nacho kiko nyuma ya stoo ya jembe. Tunachukua chupa ya soda ya mililita 500, tunaitoboa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa pampu ya dawa ya pumu, tunaziba kwa gundi, na mtoto anavuta dawa kupitia shingo ya chupa. Si ubunifu wa kubahatisha: Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 matokeo yanayoonyesha kwamba chupa iliyozibwa vizuri hufungua kifua cha mtoto sawa na kifaa cha kununua. Aidha, kila mwalimu, hata wa chekechea, anajua pampu ya buluu, ile ya kufungua kifua haraka, iko droo gani. Tuna pia Idara ya Utafiti, yenye meza moja, daftari moja, na vipima pumzi vya plastiki ambavyo mtoto hupuliza kwa nguvu mara tatu na tunaandika iliyo kubwa.

Mheshimiwa, sasa tufike tulipokuitia.

Kile kipima pumzi cha plastiki kinaeleza mtoto anapuliza kwa kasi gani. Hakielezi kama njia zake za hewa zimevimba kwa ndani. Kuna mashine inayopima gesi ya oksidi ya naitriki katika pumzi anayoitoa. Watafiti wa Sweden waliieleza gesi hiyo katika pumzi ya binadamu mwaka 1991, na miaka miwili baadaye ikabainika kwamba wenye pumu huitoa kwa wingi zaidi. Hakuna sindano wala damu. Mtoto anapuliza polepole, mililita 50 kwa sekunde, kwa sekunde 4 ikiwa hajafika miaka 12, na namba inatokea. Kwa umri huo, chini ya sehemu 20 kwa bilioni huhesabiwa kuwa kiasi kidogo, na zaidi ya 35 huhesabiwa kikubwa. Daktari huitumia namba hiyo, pamoja na dalili za mtoto, kuamua kama dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe inatosha.

Mashine hiyo tuliahidiwa. Aliyeahidi alisimama hapo ulipo na makofi tukapiga. Baada ya kukumbushwa kwa barua, kwa simu na kanisani, ililetwa siku ya wazazi ikiwa imefungwa utepe. Msichana mmoja wa darasa la tatu akaitwa mbele. Akapuliza: chini ya 20. Mpiga picha akaomba arudie kwa sababu ya mwanga. Akapuliza tena, hata maji hajanywa: zaidi ya 35. Mtoto yuleyule, kiti kilekile. Namba ya kwanza ingemfanya mama yake aambiwe uvimbe umetulia, ya pili angeambiwa haujatulia. Muuguzi aliyefuatana na msafara akaigeuza mashine, akasoma kibandiko, akatuonyesha kimyakimya kwamba kihisio, yaani sehemu inayoitambua gesi, kilikuwa kimepitisha tarehe. Picha ilipatikana. Mashine ikarudishwa kwenye gari pamoja na bango.

Ndiyo maana hatuombi mashine tu. Tukiomba mashine tu tutaletewa mashine tu.

Tunaomba mashine yenye kihisio ambacho hakijaisha muda, na vihisio vya kubadilisha baadaye, maana vina umri wake kama maziwa. Tunaomba vifaa vya kupulizia vya kutumiwa na mtoto mmoja kisha kutupwa. Kupokezana mdomo ni kupokezana mafua, na mafua yenyewe hupandisha namba. Tunaomba muuguzi wa zahanati apangiwe kuja hapa asubuhi moja kila wiki, awe amefunzwa.

Na kabla namba yoyote haijagusa dawa ya mtoto yeyote, tunaomba mashine yenyewe ifanyiwe mtihani. Kila mtoto apulize mara mbili katika kikao kimoja. Mwongozo wa kimataifa unataka vipimo viwili visipishane zaidi ya asilimia 10. Apimwe tena siku nyingine akiwa katika hali ileile: kabla ya kukimbia uwanjani, kabla ya kupuliza kile kipima pumzi cha nguvu, na bila kula kwanza mboga kama spinachi, ambayo huipandisha gesi hiyo. Tuandike pia kama ana mafua, na kama ana mzio wa pua, kwa sababu mzio huo unaweza kupandisha namba hata kwa asiye na pumu. Daktari wa watoto ayapitie matokeo. Mashine ikifeli irudishwe kwa muuzaji, na hatutamlaumu aliyeileta. Tutamlaumu aliyeileta bila risiti.

Wazazi wako tayari kuwaleta watoto asubuhi kabla ya chai. Daftari tayari tumelipiga mistari: jina, saa, pumzi ya kwanza, pumzi ya pili, mafua, chakula.

Mheshimiwa, hatukudai jibu la leo kuhusu bei, tunajua bajeti ina taratibu zake na tumezisikia kwa miaka kadhaa. Tunachoomba leo ni tarehe na jina la afisa atakayefuatilia, ukiviandika kwa mkono wako katika nakala ya risala hii aliyonayo mweka hazina. Ukurasa wa mwisho una nafasi.

Risala hii imeandaliwa na kamati na kusomwa na katibu kwa niaba ya wazazi, walezi na walimu. Karibu, Mheshimiwa, uzungumze na wananchi wako.