Mwanangu, mshono kukauka sio kupona

Mwanangu baba, assalam aleikum. Huku wote wazima alhamdulillah, baba yako anakusalimia, mume wangu mdogo ananyonya analala analia kidogo usiku basi, na mkeo anaendelea vizuri toka alipojifungua kwa upasuaji. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu tukianza tu unasema "sawa mama" alafu tunahamia kwenye mambo ya machungwa na bei za magari, na hili nalotaka kukwambia linataka ukae chini usome taratibu kabla hujaja kuwachukua kuwarudisha Muheza.

Juzi uliniuliza kama kidonda cha mkeo kimekauka. Kimekauka. Ukasema basi vizuri, akifika ataanza na vitumbua kidogo kidogo maana wateja wanamuulizia. Sikukujibu palepale kwa sababu mwenyewe alikuwa kakaa pembeni yangu ananyonyesha na sikutaka asikie watu wanapanga kazi zake wakati yeye hata hajaulizwa. Jibu langu ndo hili, vitumbua bado sana, na sio vitumbua tu.

Huo mshono unaouona wewe ni wa ngozi. Daktari hakati sehemu moja mwanangu, anapita ngozi, anapita mafuta, anapita ule utando mgumu unaoshikilia tumbo, misuli anaitenganisha anaisogeza pembeni, anapita utando mwingine wa ndani, hapo ndo anafika kwenye kizazi chenyewe nacho anakipasua mtoto atoke. Alafu anarudi kushona kuanzia ndani kuja nje. Sasa ngozi wiki mbili tu inaweza ikawa imeshikana vizuri unasema huyu kapona, kumbe kule ndani ndo kwanza kunaunga. Ndio maana pale hospitali walimwambia wiki 6 asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake, na hizo wiki 6 zikiisha bado anarudi pole pole, kuna wanawake inawachukua miezi na sio uvivu. Wazee wetu nao walipoweka arobaini walijua wanachokifanya, siku 40 na wiki 6 zinapishana siku mbili tu.

Hebu piga hesabu mwenyewe maana weye ni mtu wa mizigo unajua kilo. Ndoo moja ya maji ya lita 20 ni kilo 20 bila ndoo yenyewe. Mwanao saivi hata kilo tano hajafika. Na pale kwenu maji yanatoka bombani kwa jirani, anabeba ndoo ngapi kwa siku mkeo? Za kupikia, za kuoga nyie, za kufulia nepi, za choo. Kila ndoo anayoinyanyua tumbo ndilo linalokaza, na tumbo ndilo lililopasuliwa. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote tafuta mtu wa maji. Iwe binti wa kusaidia, iwe kijana wa mkokoteni, iwe wewe mwenyewe alfajiri kabla hujatoka kwenda shamba kununua mzigo, mimi sichagui, nachotaka ni ndoo isishikwe na yeye.

Na hizo kazi ndogo ndogo ambazo mwanaume hazioni ndo zinaumiza zaidi. Kukuna nazi, anakaa juu ya mbuzi kajikunja anasukuma, hiyo bado, uwe unanunua nazi ya kukunwa au ukune wewe. Kufagia uwanja na ufagio wa chelewa kainama, bado. Kufua kwenye beseni chini, bado, labda vile vinguo vya mtoto na beseni liwe juu ya meza. Jiko la mkaa liko chini anainama anapuliza anakohoa, na kukohoa kwenyewe kunavuta mshono, anatakiwa ashike mto abane tumboni ndo akohoe, sasa mtu anapika anashikaje mto? Lipandishe jiko juu ya kitu imara lifike kiunoni. Mtungi wa gesi kama mnao, hata ule mdogo, ubebe wewe ukaujaze. Chandarua usiku uchomekee wewe maana kuchomekea pande zote za godoro ni kuinama mara nne tano. Na lile godoro lenu la chini mwanangu liweke kitandani, tumemfundisha kuamka kwa kugeuka kwanza ubavu, anateremsha miguu, anajisukuma na mkono mpaka anakaa, sasa kutoka chini sakafuni hiyo haiwezekani bila kujikaza tumbo.

Choo nacho. Najua ni cha kuchuchumaa. Weka kitu cha kushikilia ukutani, au mwambie fundi seremala akate kiti cha mbao katikati, ni kazi ya nusu saa. Na asikose papai, mboga za majani, maji mengi, na hayo machungwa yako badala ya kuyauza yote mpe yeye, maana choo kikiwa kigumu akajikamua maumivu yake anayajua yeye.

Usinielewe vibaya ukamlaza kitandani kutwa nzima, hiyo nayo sio kupona. Toka siku ya pili tu manesi walimnyanyua atembee, kwa sababu mtu aliepasuliwa akilala tu damu inaweza kuganda miguuni na hiyo ni hatari ya kweli. Hapa Ngamiani tunatembea jioni jua likipoa, tulianza mlangoni na kurudi, saivi tunafika hadi mtaa wa pili tunasalimia watu tunarudi. Endelea nae hivo hivo, kila siku kidogo, akisema amechoka mnarudi, usimwambie "jikaze". Kupika chai, kukunja nguo amekaa, kumuogesha mtoto beseni likiwa juu ya meza, kuchambua mchele, hayo anafanya na mwenyewe anapenda maana kukaa tu kunamchosha roho. Kumbeba mtoto mgongoni na kanga bado kwanza, kule kuinama kumpandisha na fundo kuja kukaa tumboni havifai, ambebe kifuani tu. Na kunyonyesha anajua kulala ubavu au kumpakata mtoto chini ya kwapa miguu ikienda nyuma, ili asimpige mateke kwenye mshono, wewe kazi yako ni kumletea mito na glasi ya maji.

Swala pia. Akishatoharika akaanza kuswali, kurukuu na kusujudu kunaweza kumvuta, aswali kwenye kiti, dini yetu imemruhusu asieweza kusimama aswali amekaa, na wewe usimkodolee macho wala usikubali mtu amwambie anadeka.

Kuhusu kukandwa, hili litakuja tu maana shangazi zako wa huko nawajua. Hata hapa shoga yangu mmoja alikuja na sufuria la maji yanayochemka na taulo, kwa nia njema kabisa, anataka kumkanda tumbo damu mbaya itoke. Nilimzuia mlangoni. Kukanda nakujua, mimi mwenyewe nilikandwa nilipokuzaa wewe, lakini mimi nilizaa kwa njia ya kawaida. Huyu ana kidonda, na ngozi ya karibu na mshono inakuwa na ganzi, inaweza kukaa hivo hata miezi, kwa hiyo maji yakiwa ya moto kupita kiasi hata hasikii mpaka awe ameshaungua. Pia mshono unaweza kufumuka. Anaoga maji ya vuguvugu, pale kwenye mshono anasafisha na sabuni ya kawaida, anakausha kwa kugusa gusa sio kusugua, anavaa dera pana basi. Mkaja tumemfunga wa kanga lakini wa kumshikilia tumbo, sio wa kumkaba pumzi, na akisema unamuumiza unafunguliwa. Dawa za majani, majivu, sijui mafuta ya nini juu ya mshono, hakuna. Akija mtu na maneno mwambie mama amekataa, mnitupie mimi lawama zote.

Kuna na maneno mengine yameshamfika masikioni na yamemuuma. Eti "hakuzaa, kazalishwa", eti hajui uchungu. Mwanangu, mimi nilikuwa pale. Yule mtoto wa watu alikaa na uchungu usiku kucha, njia ikagoma kufunguka, mapigo ya moyo ya mtoto yakaanza kushuka ndo wakamkimbiza chumba cha upasuaji. Yani kaonja uchungu wote alafu na kisu juu yake. Bila kile kisu leo tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa. Mtu akisema hayo mbele yako usinyamaze, ukinyamaza mkeo ataona na wewe unakubali, na hana mama wa kumlilia, mama yake ametangulia mbele ya haki, ana mimi na wewe.

Na kama utamuona analia lia bila sababu siku za mwanzo, ni kawaida ya wazazi wengi, inapita. Ila ikizidi wiki mbili, hataki kula, hapati usingizi hata mtoto akilala, anasema hana faida, au hataki kumshika mtoto, mpeleke hospitali. Dua tunaomba na tutaendelea kuomba, lakini asizungushwe kwa watu wiki nzima wakati daktari yupo.

Sasa haya yanayofuata kawaida angekwambia mjomba wako, ila mjomba wako nae ni mtu wa kuona haya atazunguka mbuyu mpaka usielewe, bora niseme miye mama yako. Kulala na mkeo subiri. Damu ya uzazi inaweza kwenda hadi wiki 6 hata kwa aliepasuliwa, subiri mpaka ikatike, na kidonda kipone, na yeye mwenyewe awe tayari. Hilo la mwisho ndo kubwa, sio kalenda iseme, yeye aseme. Alafu kabla ya hapo mkae muongee uzazi wa mpango. Nesi katuambia, na ndivo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, mapumziko ya walau miaka miwili kabla ya kubeba mimba nyingine. Kwenye kizazi kuna kovu, mimba ikija haraka lile kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu, mama na mtoto wote wakawa hatarini. Vipo vijiti, kitanzi, sindano, mkamuulize mtaalamu kipi kinamfaa anaenyonyesha. Na mimba ijayo In shaa Allah, kama atazaa kawaida au kwa kisu ataamua daktari, lakini azalie hospitali yenye chumba cha upasuaji, sio zahanati na sio nyumbani.

Siku mnampeleka mtoto chanjo ya wiki ya 6, na yeye mama aonwe siku hiyo hiyo, wapimwe wote, usikubali aondoke wamemuangalia mtoto tu. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa avimalize. Na usiku au mchana ukiona homa, mshono unatoa usaha au unanuka au umefunguka, damu inakuja nyingi inajaza pedi ndani ya saa, mguu mmoja umevimba unauma nyama ya nyuma, kifua kinabana anahema kwa shida, kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri, hapo usinipigie mimi kwanza, piga mwenye bajaji nendeni hospitali, mimi mtanikuta njiani.

Nirudi kwenye vitumbua maana najua pesa imekaba, operesheni na safari zimekula mtaji na msimu wenyewe unaujua. Lakini fikiria hivi, mwanamke alieajiriwa sheria ya hapa Tanzania inampa siku 84 za likizo ya uzazi na mshahara wake anapokea. Mkeo anajiajiri mwenyewe, nani atampa hizo siku 84? Utampa wewe. Hizo ni wiki 12. Zikiisha ndo muongee, na aanze kidogo, mchele ukasagwe mashineni, ndoo ya unga abebewe mpaka kibarazani, jiko liwe juu, na awepo mtu wa kumshikia mtoto. Mimi na baba yako tumeongea, kwa miezi hiyo tutakuwa tunawatumia samaki na unga na kidogo kitakachopatikana, sio kingi lakini mtasogea.

Siku ya kuja kuwachukua usije na pikipiki. Najua unaiamini na lami hadi Muheza mjini ni nzuri, ila kule kuingia kwenu ni mashimo na mawe. Kodi gari dogo, akae siti ya mbele, mkanda wa gari upite chini ya mshono na kitaulo katikati, na umwambie dereva aende polepole. Na unijibu leo hii kama umempata mtu wa maji na kama kitanda kipo, maana bila hivyo viwili mkwe wangu simtoi hapa.

Mama yako,
Ngamiani, Tanga