Hesabu za sikukuu

Tanga

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku pwani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi wazima, joto tu ndilo linalotusumbua. Uliniuliza kwenye simu nilifanyaje hadi darasa langu la nne likaacha kuogopa desimali, nikakuahidi kukuandikia kwa kituo.

Yote yalianza na pishi, kile kipimo cha zamani cha nafaka. Mwezi wa Ramadhani niliazima kibaba cha zamani cha bibi, nikaenda nacho shuleni pamoja na ndoo ya mchanga. Watoto wakajaza na kumwaga mpaka wakaona wenyewe kwamba vibaba vinne ndiyo pishi moja, nayo pishi ndiyo zaka ya fitri ya mtu mmoja, yaani chakula wanachopewa maskini Ramadhani inapoisha. Kwa mizani ya dukani tunaihesabu kilo 2.5 za mchele. Nikawaambia waende nyumbani wakahesabu vichwa. Kesho yake kila mmoja alikuja na namba yake: wa watu saba akapata kilo 17.5, wa tisa 22.5. Hapakuwa na cha kunakili kwa jirani. Mvulana mmoja akauliza kama mdogo wake aliyezaliwa wiki ile naye anatolewa zaka. Anatolewa, nikamjibu. Akafuta jibu lake, akaongeza 2.5, akakaa ametulia kama mtu mzima. Nilitamani ungekuwepo.

Siku nyingine tukachukua kalenda. Idi ya Fitri mwaka 2024 tuliisali 10 Aprili, na mwaka 2025 tukaisali 31 Machi. Kwa nini imerudi nyuma? Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, wa jua 365, kwa hiyo pengo ni siku kama 11. Nikawapa wagawanye 365 kwa 11. Wakapata 33, baki 2. Binti mmoja wa miaka kumi akajumlisha kimyakimya kisha akasema, "Mwalimu, Ramadhani ikizunguka na kurudi hapa nitakuwa na miaka 43!" Darasa zima likaanza kupiga hesabu ya umri wake.

Ng'ombe wa Idi ya Kuchinja, anayeshirikiwa na watu saba, nimemweka kwa ajili ya somo la sehemu, kama 1/7.

Lakini nikuonye jambo moja, maana liliniuma. Niliwahi kutunga swali la bei ya nguo mpya za sikukuu. Mtoto mmoja aliinamisha kichwa, hakuandika kitu hadi kengele ikagonga. Kwao mwaka ule hapakuwa na nguo mpya. Tangu hapo maswali yangu ni ya watu, vipimo na siku, si ya ununuzi.

Sasa nakuomba. Hapa nina watoto Wakristo tisa, nao wanataka hesabu za Krismasi, na mimi sizijui kwa undani kama wewe. Huko Moshi, Desemba ukoo mzima unapanda kurudi nyumbani: wangapi wanalala nyumba moja, mbuzi mmoja anatosha watu wangapi, ndizi mikungu mingapi. Waache wanafunzi wako watunge maswali kumi, unitumie. Wangu watayafanya, kisha watawatungia wako ya Idi. Wasiandike majibu, tafadhali.

Msalimie mama sana. Kibaba bado ninacho, bibi hajakidai.

Rafiki yako wa tangu chuoni