Kambi za Juni: blanketi liingie kwenye bajeti, jiko litoke bwenini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na walimu, walezi wa vikundi vya vijana wa makanisa na misikiti, viongozi wa skauti na wenye vituo vya mafungo huku Nyanda za Juu Kusini. Likizo ya Juni ikifika, watoto wengi hupelekwa kambini Mbeya, Rungwe, Makete, Njombe na Iringa. Ni jambo jema na tunalipigania. Mtoto aliyesimama kwenye korongo la Isimila akaonyeshwa mashoka ya mawe ya watu wa kale, au aliyepanda mlima Loleza kwa miguu yake, amejifunza kitu ambacho darasani hakipatikani. Lakini Juni na Julai ndiyo miezi yenye baridi kali kuliko yote huku kwetu, na bado kambi nyingi zinapangwa kana kwamba watoto wanakwenda Bagamoyo.

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Njombe inakaribia mita 2,000, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Huko sakitu huonekana kwenye majani alfajiri. Sasa tazama bajeti ya kawaida ya kambi: nauli, chakula, ukumbi, vyombo vya muziki, fulana zenye nembo. Blanketi halimo. Mtoto anaambiwa aje na shuka, anakuja na shuka. Ikifika saa nane usiku watoto wanatetemeka, wadogo wanalia, na matroni kwa huruma yake anachukua jiko la mkaa lililopikiwa chai na kuliingiza bwenini. Anafunga madirisha ili joto lisitoke. Hapo ndipo msiba unapoanzia, na chanzo chake ni ile karatasi ya bajeti iliyoandikwa wiki kadhaa kabla.

Jambo hili tulieleze vizuri, kwa sababu wengi wanaamini hatari ya jiko ni moshi. Wanasubiri mkaa uwake vizuri nje, moshi uishe, ndipo waliingize ndani wakijua limekuwa salama. Sivyo. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kwa wingi hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haimkohozeshi mtu. Ikiingia mapafuni hushikana na damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inaendelea kuzunguka bila kubeba kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Aliyelala haamki ili alalamike. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi, na mkaa uliofunikwa majivu bado unatoa hewa hiyo hadi ufe kabisa. Kanuni iwe moja tu, isiyo na mjadala: jiko, makaa na jenereta havivuki mlango wa bweni wala wa hema, hata kwa dakika tano. Jenereta likae angalau mita 6 kutoka dirisha lolote, na moshi wake uelekezwe upande mwingine.

Mkiwakuta watoto wawili au zaidi wa chumba kimoja wanaumwa kichwa au kutapika asubuhi, msifikirie chakula kwanza. Watoeni wote nje, fungueni milango na madirisha, toeni jiko, kisha wapelekwe hospitali hata kama wanaonekana wamepata nafuu. Mkamwambie daktari waziwazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Wengine huficha kwa kuogopa lawama, na mtoto anatibiwa malaria ambayo hana.

Basi watoto watapata wapi joto? Kwanza kutoka chini. Anayelala kwenye sakafu ya saruji hunyonywa joto na sakafu, na kumwongezea blanketi juu hakumsaidii sana. Tandikeni maboksi yaliyokunjuliwa au magunia makavu, kisha mkeka, kisha godoro. Godoro lenyewe lipimeni kwa kiganja: likandamize katikati, na ukigusa ubao, ubavu wa mtoto nao utaugusa. Juu, blanketi mbili nzito kwa kila mmoja. Soksi kavu na kofia ya sufu vina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sweta na kofia za mitumba pale soko la Mwanjelwa haziwezi kumshinda mzazi aliyekwisha kulipia fulana ya kambi. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, fulana ndiyo ifutwe.

Nguo za mchana zisilalwe. Mtoto aliyecheza mpira na kutoka jasho, akalala na fulana ileile ya pamba, amelala na maji mwilini. Abadilishe kila kitu, hadi nguo za ndani. Uji au chai ya maziwa yenye sukari saa tatu usiku si anasa, maana mwili wenye njaa hauna cha kuchoma ili upate joto.

Dalili za baridi kumwingia mtoto walezi wazijue kwa moyo. Anatetemeka, anajikwaa, vidole vinashindwa kufunga vifungo, anaongea kama mlevi. Akiacha kutetemeka na bado ni wa baridi, hali imekuwa mbaya, haijawa nzuri. Mvueni nguo zilizolowa, mkausheni, mfunikeni kuanzia kichwani, alale karibu na mwenzake mwenye joto. Kama yuko macho na anameza vizuri apewe kinywaji cha vuguvugu chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, msimsogeze kwenye moto mkali, na yule mzee anayeshauri kidogo cha kinywaji kikali asisikilizwe: pombe hufungua mishipa ya ngozi na kulitoa nje joto lililobaki. Kisha gari. Kambi isiyo na gari au pikipiki inayolala pale pale isifunguliwe.

Kwa wenye vituo tuna maombi yao. Bweni la bati lisilo na dari hushusha baridi usiku kucha, na mvuke wa pumzi za watoto hugeuka matone yanayodondokea vitandani. Dari ya mbao nyepesi au hata ya mikeka ingebadilisha chumba. Acheni matundu ya hewa juu ya madirisha, msiyazibe kwa matambara. Vitanda vya dabodeka viwe na ubao wa kuzuia mtoto asianguke, na kati ya safu na safu watu wawili waweze kupishana wakikimbia. Mlango usifungwe kwa kufuli la nje kamwe, hata kwa hoja ya kulinda wasichana. Moto wa bweni la Shauritanga, Rombo, mwaka 1994 uliua wasichana zaidi ya 40. Nchi hii haina haja ya kufundishwa tena. Milango iwe miwili, ifunguke kwa nje, na walau dirisha moja kila upande liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Mishumaa isiingie. Taa za sola za bei ndogo zimejaa madukani.

Mlezi asikubali kulipa kianzio kwa kuangalia picha kwenye simu. Aende mwenyewe, afungue mabomba yote kwa pamoja aone kama maji yanatoka au yanadondoka. Hesabu ni rahisi: lita 15 kwa mtu kwa siku ndiyo kima cha chini cha kunywa, kupika na kuoga. Vijana 60 wanahitaji lita 900, yaani simtanki la lita 1,000 linaisha kila siku na lazima lijazwe kila siku. Maji ya mto au chemchemi yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha yachemshwe. Kwenye miinuko inayozidi mita 2,000 yaache yatokote kwa dakika tatu kamili, kwa sababu huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ukitumia dawa ya klorini fuata kipimo cha kwenye pakiti na usubiri nusu saa. Dawa haifanyi kazi vizuri kwenye maji yenye tope.

Vyoo: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25, na la watu wazima pembeni. Kwa kambi ya wasichana 30 na wavulana 30 ni matundu mawili kila upande. Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Cha wasichana kiwe na maji ndani, ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya taulo za kike, komeo linalofunga na taa njiani, la sivyo wataacha kunywa maji ili wasilazimike kwenda usiku. Nje ya kila choo tundikeni kibuyu chirizi na sabuni. Kinatengenezwa kwa dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyagia, na hakuna mkono mchafu unaokishika.

Jikoni tunataka kusema jambo moja tu, la maharage. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Kitulo karibu 91. Mpishi aliyezoea Dar es Salaam anashangaa maharage hayaivi, anapunguza moto kuokoa kuni, anayaacha yachemkie polepole tangu asubuhi. Maharage mekundu yana sumu ya asili, na inaondoka kwa mchemko mkali tu. Yakiliwa nusu mabichi, saa moja hadi tatu baadaye kambi nzima inatapika na watu wanaanza kunong'ona habari za kulishwa sumu na fulani. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yatiwe maji mapya na yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kisha yaendelee hadi yabonyee kwa vidole. Kwa vijana 60 pima kilo 6 za maharage makavu kwa mlo na unga kilo 27 hivi kwa siku ya milo miwili ya ugali.

Kambi za Desemba zina mambo mengine. Mvua imeanza, na Rungwe mvua ni mvua kweli. Hema lisipigwe chini ya mti wa mlingoti (mkaratusi), kwani matawi yake hukatika bila upepo wa kutisha, wala kwenye bonde kavu ambalo maji yana desturi ya kupita. Radi ikimulika, hesabu hadi ngurumo isikike. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, watoto wote waingie kwenye jengo imara na wakae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema si kinga, na mti ndio mbaya zaidi. Njia ya kupanda Ziwa Ngosi huteleza sana msimu huo. Anayeongoza awe mwongozaji wa eneo lile, na msafara ugeuke nyuma saa iliyopangwa hata kama kilele kinaonekana. Daraja la Mungu mto Kiwira litazamwe kutoka mahali palipotengwa, basi.

Safari iwe ya mchana. Kushusha basi la watoto kwenye mteremko wa Kitonga usiku kwa sababu tulichelewa kuondoka ni uamuzi ambao mlezi ana haki ya kuukataa, na dereva akinuna anune.

Limebaki la Matema, kwa sababu vikundi vingi vya milimani sasa vinapenda kushukia Ziwa Nyasa. Ziwa hilo huwa na kina ghafla, na wakati wa upepo wa kusini mawimbi yake ni ya bahari. Watoto waogelee wawili wawili, mtu mzima mmoja anayejua kuogelea kwa kila watoto wanane, waitwe kwa majina kila robo saa, na midomo ya mito iachwe kabisa kwa sababu ya mamba. Kubwa zaidi ni mbu. Ufuko wa Matema uko chini ya mita 500, na mtoto wa Makete au Njombe hana kinga ya malaria kama mwenzake wa Kyela. Chandarua kwa kila kitanda, mikono mirefu jioni. Homa haitaanza kambini. Kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa, yaani mtoto atakuwa amerudi nyumbani kwenye baridi, na mzazi atadhani ni mafua. Kila mtoto akabidhiwe karatasi ndogo ya kumpa mzazi yenye tarehe alizolala ziwani na maneno haya: akipata homa ndani ya mwezi mmoja, apelekwe kupimwa malaria siku hiyo hiyo.

Ni sisi,
Wasimamizi wa kambi na walezi wa vijana,
Mbeya na Iringa