Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mama aingie leba na mtu wake

Mheshimiwa Waziri,

Natanguliza salamu na pongezi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa vifo vya wajawazito vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Sisi wakunga tuliozeekea kazini tunajua jasho lililomwagika mpaka tukafika hapo. Leo mjamzito wa kijijini akizidiwa, ndugu wanapiga 115 bila malipo na usafiri wa m-mama unakuja kumchukua. Anafikishwa hospitali salama. Akifika mlango wa leba, mama yake mzazi au wifi yake anaambiwa, "Wewe subiri nje."

Ombi langu linahusu mlango huo. Kila mwanamke anayejifungulia kwenye kituo cha umma apewe haki ya kuingia leba na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe, na haki hiyo iandikwe kwenye waraka, isiachwe kwa huruma ya aliye zamu.

Shirika la Afya Duniani lilishalipendekeza jambo hili katika mwongozo wake wa 2018. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa 2017, yakihusisha wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, yaligundua kwamba mwanamke mwenye mtu wa kuwa naye muda wote wa uchungu ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na hupungukiwa uwezekano wa kufanyiwa upasuaji. Hata hapa nyumbani limejaribiwa: Kigoma, kati ya 2016 na 2018, katika vituo vya serikali, na wenza, yaani watu wa kukaa na mama wakati wa uchungu, wakaingia. Sioni sababu ya kusubiri jaribio jingine.

Najua jibu litakalotoka wilayani: hakuna nafasi, vitanda vimepangwa safu, wanawake wengine wataonekana. Hoja hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni mapazia. Tena fikiria usiku, muuguzi mmoja ana wanawake wanne au watano, mmoja anasukuma, mwingine anatapika. Nani anamkanda mgongo yule wa kitanda cha mwisho? Nani anampa uji? Saa zile za kwanza baada ya kujifungua, damu ikianza kutoka kupita kiasi, mwenza aliyeelekezwa kidogo tu ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona khanga imelowa na kumwita muuguzi.

Huku kwetu Manyara kuna jambo la zaidi, nalo ndilo lililonifanya niandike. Mbulu na Hanang wanaishi Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na Wanyiramba, na lugha zao nne hazina undugu wa karibu. Wapo wanawake, hasa wanaotoka mbali kama bonde la Yaeda, ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Wanaweza kuuliza bei ya sukari. Hawawezi kueleza kwamba maumivu yamebadilika au mtoto ameacha kucheza. Uchungu ukikolea, hata hicho kidogo kinapotea. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi niliona mlinzi wa geti, mwanaume, akiitwa usiku kumtafsiria mwanamke wa Kidatoga aliyekuwa karibu kujifungua. Yule mama alifunika uso na hakujibu swali hata moja. Shangazi yake alikuwa amekaa nje kwenye benchi, na Kiswahili alikijua vizuri.

Siku hizi nasikia kwenye mikutano kwamba akili mnemba itatutafsiria. Siipingi. Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwenye huduma yake ya tafsiri, Kijaluo kikiwamo, na nilifurahi. Lakini mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizokusanywa kwa wingi. Kihadzabe kina wazungumzaji wapatao elfu moja tu na maandishi yake ni machache mno. Mkunga akimwambia mama asisukume kwa sababu njia haijafunguka sentimita 10, kisha simu ikakosea, hakuna muda wa kurudia. Shangazi akikosea, atauona uso wa mama na kumweleza upya.

Kama Wizara inataka mashine hizo zije kutufaa, basi kazi ianzie kwa wanawake wazee. Wakunga wa jadi wa Kidatoga na wa Kihadzabe wana maneno ya kila hatua ya uchungu, ya kondo la nyuma, ya mtoto aliyekaa vibaya. Wakifariki, yanakwenda nao. Warekodiwe sasa, kwa ridhaa yao na ya jamii zao, walipwe, na rekodi zibaki mikononi mwao pia. Wizara ikae na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na vyuo vikuu vyetu kwa hilo. Ila asirekodiwe mwanamke yeyote akiwa leba. Mtu aliye katika maumivu yale hana uhuru wa kukataa.

Waraka ninaouomba hauhitaji kurasa nyingi. Useme mwenza ni mmoja, amechaguliwa na mama, jina lake liandikwe kwenye kadi ya kliniki tangu mahudhurio ya mwanzo. Useme aelekezwe kazi yake kliniki, siyo mlangoni. Katika wodi ya pamoja awe mwanamke, mpaka vyumba vya faragha vipatikane. Fedha za mapazia ziingizwe kwenye bajeti ya kila kituo chenye leba, na mganga mfawidhi atoe taarifa kila robo mwaka: ni akina mama wangapi walijifungua, na wangapi walikuwa na mtu wao kando. Mikoa yenye lugha kama zetu ianze kwanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuguzi mkunga mstaafu, Manyara