Shule ziache kila mtoto avae sweta kwa baridi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu jasho na baridi, nikiwa fundi cherehani ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikishona sare za wanafunzi hapa Moshi. Kilichonisukuma kuandika ni tangazo ambalo mteja wangu mmoja alinionyesha mwezi uliopita, lililotolewa na shule anayosoma mwanawe, likisema kwamba sweta litavaliwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 31 Agosti tu, na kwamba katika muda huo kila mwanafunzi atalivaa tangu anapoingia getini asubuhi hadi anapotoka. Aliyeandika tangazo hilo bila shaka alitaka watoto wapendeze mstarini, na mimi ninayeuza masweta hayo sina sababu ya kulalamika. Hata hivyo, ameandika kana kwamba watoto mia sita wana ngozi moja.

Mashati ya wanafunzi hurudi kwangu kila muhula, mengine kuongezwa urefu, mengine kubadilishwa kola, na kwa kuyageuza nje ndani nimeona mengi. Wapo ndugu wawili ambao nimewashonea tangu darasa la kwanza, kitambaa cha jora moja, kilichokatwa siku moja. Shati la mkubwa huoza kwapani kabla muhula haujaisha na uzi wa mshono hugeuka rangi ya chai, ilhali la mdogo halina hata doa, ila hupauka mabegani kwa jua. Mama yao aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama mkubwa haogi vizuri. Anaoga vizuri. Jasho likitoka halina harufu kubwa. Kikwapa huletwa na vijidudu vya kwenye ngozi vinavyokula majimaji ya tezi za kwapani, ambazo huanza kazi mtoto anapobalehe, na kijana huyo yuko darasa la saba.

Binadamu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na milioni 4, na huzaliwa nazo zote. Watu hawapishani kwa sababu mmoja ameongezewa tezi ukubwani, bali kwa kiasi ambacho kila tezi hutoa na kwa wepesi wake wa kuanza. Mwenye mazoezi, kinyume na wanavyodhani wengi, hutangulia kutoka jasho kuliko mtu wa kukaa tu, kwa sababu mwili wake umezoea kulikabili joto kabla halijapanda, hivyo mchezaji aliyelowa dakika ya kumi huenda ndiye mwenye pumzi kuliko wenzake wote. Tena jasho halipozi mwili kwa kutoka, hupoza kwa kukauka, na tone linalodondoka sakafuni limekwenda bure. Ndiyo maana fukuto la Dar es Salaam humchosha mtu wa huku kuliko jua kali la Same, hata kipimajoto kikionyesha nyuzi zilezile, kwa kuwa hewa ya pwani imekwisha kushiba maji na haina nafasi ya kuchukua mengine.

Niliwahi kusoma kwamba katika miaka ya 1770 daktari mmoja Mwingereza, Charles Blagden, aliingia na wenzake jijini London katika chumba kilichopashwa moto mkavu hadi kiasi cha nyuzi 127 za Selsiasi, akakaa humo dakika kadhaa na kutoka mzima, wakati kipande cha nyama kilichowekwa katika chumba hichohicho kiliiva. Sisi wa mikoa ya nyama choma tunaweza kulipima jambo hilo kwa macho yetu wenyewe: daktari alikuwa na jasho la kukauka, nyama haikuwa nalo.

Mazoea nayo yana sehemu yake. Mpwa wangu kutoka Marangu, juu mlimani, alipopata kibarua katika mashamba ya miwa huko Arusha Chini, kwenye joto la bondeni, wiki ya kwanza alirudi kila jioni na shati lenye michirizi myeupe mgongoni, kama ramani iliyochorwa kwa chaki. Ilikuwa chumvi ya mwili wake. Kichwa kilimuuma na usiku misuli ya miguu ilikaza, na wenzake wa bondeni walimwita mtoto wa baridi. Kufikia wiki ya tatu shati lilirudi limelowa kuliko mwanzo, lakini ile michirizi ilikuwa imefifia. Mwili unaolizoea joto, kazi inayochukua siku 7 hadi 14 hivi, huanza kutoa jasho mapema, hulitoa kwa wingi zaidi, na huizuia chumvi isipotee nalo. Akipanda tena mlimani akakaa wiki chache, mazoea hayo humtoka. Fikiria basi mtoto aliyekaa kwa bibi yake mlimani likizo nzima ya Desemba, halafu wiki ya kwanza ya Januari, mwezi ambao lami ya mji huu hulainika mchana, anatakiwa kukimbia mchakamchaka sawa na mwenzake ambaye hakuondoka mjini.

Upande wa baridi, ukubwa wa mwili una neno kubwa. Chai iliyomiminwa kikombeni hupoa wakati iliyobaki kwenye sufuria bado inachoma ulimi, kwa kuwa kitu kidogo kina eneo kubwa la kupotezea joto ukilinganisha na ujazo wake. Mtoto wa darasa la kwanza mwenye kilo 20 ni kikombe. Mwalimu wa zamu mwenye kilo 85 ni sufuria, tena yenye mfuniko, maana mafuta yaliyo chini ya ngozi huzuia joto lisitoke. Anaposimama mbele ya mstari saa moja asubuhi na kutamka kwamba leo hakuna baridi, anasema kweli kuhusu mwili wake mwenyewe.

Isitoshe, watoto hao hawatoki mahali pamoja. Mji wa Moshi uko kiasi cha mita 800 na ushee kutoka usawa wa bahari, wakati vijiji vya Kibosho vimepanda mlima, na kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Arusha, iliyo kilomita 80 tu kutoka hapa lakini kwenye mita 1,400 hivi, ina watu wanaovaa koti saa ambayo sisi tunatafuta kivuli. Mtoto anayeshuka kutoka Kibosho saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Aprili akiwa na sweta hajavunja kanuni kwa ukaidi. Ametoka kwenye ukungu. Akilivua saa nne pia hajakaidi, na huyo ndiye atakayeadhibiwa Julai, mchana jua litakapochomoza naye akalifunga sweta kiunoni.

Watu wazima nao wanazigombania tofauti hizi kila siku. Juzi nilikuwa kwenye Hiace kwenda Arusha, mama aliyekaa dirishani akalifungua, na bibi aliyekuwa nyuma yake akajifunika kanga kichwani na kusema, "Mwanangu, funga hilo dirisha, mifupa inaniuma." Yule mama, huku akijipepea kwa bahasha ya kaki, akajibu, "Nisamehe bibi, mimi naungua." Konda akaamua kulifungua nusu, na wote wawili wakamkasirikia. Kwa kuwatazama, ningesema kila mmoja alikuwa na haki yake. Mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi hushikwa na joto la ghafla linaloanzia kifuani na kupanda usoni, likamwacha amelowa kwa dakika chache, na hata barafu ya Kibo isingelizuia. Mzee naye misuli yake imepungua, na mishipa ya damu ya kwenye ngozi haijifungi tena upesi kama zamani kuzuia joto lisipotee. Hakuna aliyekuwa akijidekeza.

Mimi mwenyewe ni mtu wa jasho la viganja. Nilipokuwa nikijifunza kazi, fundi aliyenifundisha alinikataza kugusa kitambaa cheupe cha bibi harusi, na sindano zangu zilishika kutu kabla ya za wenzangu. Mpaka leo kopo la poda hukaa chini ya meza ya cherehani yangu, na mtu akinishika mkono kwa salamu namwona akijifuta kwenye nguo akidhani sioni. Mwaka 2019, tulipotakiwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, nilipanga foleni siku tatu, na kila siku kidole changu kiliteleza juu ya kioo cha mashine. Kijana aliyekuwa akihudumia aliniambia mbele ya watu, "Mama, tulia, unaogopa nini?" Nilikuwa siogopi chochote mpaka aliponiuliza. Tezi za viganja na nyayo hutii moyo kuliko zinavyotii jua, kwa hiyo kuulizwa sababu ya jasho ni kuliongeza. Hali hii huanza utotoni au wakati wa kubalehe, hutembea katika ukoo (mama yangu alikuwa nayo na binti yangu wa pili anayo), nayo hukoma mtu anapolala usingizi. Binti yangu aliwahi kuitwa mbele katika chumba cha mtihani kwa sababu karatasi yake ilikuwa imelowa na wino umesambaa, na msimamizi alihisi amefuta kitu alichokiandika kiganjani.

Sisemi kwamba kila jasho ni la kuachwa hivyo. Anayeamka usiku shuka limelowa, akiwa na kikohozi kisichokwisha na anapungua uzito, aende akapimwe kifua kikuu, na katika mkoa wenye hospitali ya Kibong'oto, inayotibu ugonjwa huo, hatuna sababu ya kuchelewa. Mwenye kisukari anayetokwa jasho la baridi huku akitetemeka huenda sukari yake imeshuka, na anatakiwa apewe kitu kitamu papo hapo. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi mtu huona joto wakati wengine wamejifunika, na ikizembea huona baridi mchana wa jua; upungufu wa damu nao huleta baridi ya mikono na miguu. Hayo ni ya daktari. Kazi ya mwalimu ni kuona kwamba mtoto amebadilika kutoka alivyokuwa mwezi uliopita, na hawezi kuliona hilo ikiwa wote wamelazimishwa kufanana.

Nimemweka mwisho mtoto wa mteja aliyenionyesha tangazo, kwa kuwa habari yake ndiyo iliyoniuma zaidi. Ni mvulana wa miaka tisa, nywele zake ni chache na nyepesi, meno machache aliyo nayo yamechongoka, na mashati yake, ambayo nimeyashika mara nyingi, hayajawahi kuwa na alama ya jasho hata moja. Mama yake alikuwa akisifiwa na majirani kwa usafi wa mwanawe. Madaktari walimweleza kwamba mtoto alizaliwa bila tezi za jasho za kutosha, kwamba ni hali ya kurithi inayohusu pia nywele na meno, na kwamba akikimbia juani joto la mwili wake litapanda bila cha kulishusha. Shuleni alikuwa amekwisha kuchapwa mara mbili kwa uvivu wa mchakamchaka. Kwa tangazo hili jipya, atatakiwa pia kukaa na sweta mchana wote, miezi mitatu, hata siku ambazo mawingu ya Julai yamefunguka.

Ombi langu kwa kamati za shule na walimu wakuu ni dogo. Sweta libaki la rangi ya shule, lishonwe kwa kipimo cha shule, lakini mtoto mwenyewe aamue saa ya kulivaa na saa ya kulivua, mwaka mzima. Anayesema ameshindwa na jua apelekwe kivulini kwanza na aulizwe baadaye. Hayo hayahitaji fedha.

Kwa mvulana huyo, daktari alishauri nguo yake iloweshwe maji wakati wa joto, ili maji ya bomba yafanye kazi ambayo jasho lake haliwezi kuifanya. Mama yake aliniomba nimshonee shati la pamba lenye kitambaa mara mbili mgongoni, litakalokaa na maji muda mrefu kuliko tetroni tunayotumia kwa sare, na nilimaliza kulishona katika siku mbili, rangi ileile, kola ileile. Mwalimu aliyepelekewa alilipapasa, akasema kitambaa si cha sare, na akataka barua ya daktari, kisha barua ya mzazi, kisha idhini ya kamati, ambayo hukutana mara moja kwa muhula. Shati hilo liko kwangu hadi leo, limekunjwa juu ya rafu ya nyuzi, na Januari likiwa bado hapo itabidi nilitoe mikunjo na kuongeza urefu wa mikono, maana mtoto anakua.

Fundi cherehani,
Majengo, Moshi