Anayejitolea Uingereza aogope posho

Ndugu Mhariri,

Vijana wanaokuja kusoma vyuo vikuu vya Uingereza huambiwa na kila mtu: mkifika, jitoleeni, mtapata uzoefu na kujuana na watu. Ushauri mzuri, ila neno lenyewe lina mtego. Nyumbani, mwalimu anayefundisha shule ya kata miaka miwili akisubiri ajira anaitwa wa kujitolea, na aliyekwenda kufagia zahanati Jumamosi moja naye amejitolea. Sheria ya uhamiaji ya huku haiwaweki wawili hao fungu moja, na mwanafunzi asiyejua hilo anaweza kufutiwa viza kwa kazi ambayo hakulipwa hata senti.

Aliyefagia zahanati yuko kwenye kile wanachokiita volunteering: anasaidia shirika la hisani au taasisi ya umma, hana mkataba, anaweza kuacha akitaka, na hazibi nafasi ya mwajiriwa. Saa zake hazihesabiwi. Mwalimu yuko kwenye voluntary work: halipwi, lakini ana zamu za lazima na majukumu ya mfanyakazi. Hiyo ni kazi, na inaingia ndani ya kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa anayesomea shahada (saa 10 kwa kozi za chini ya hapo). Ukifanya saa 16 za mshahara dukani, halafu saa 6 za namna hii, umefika 22 na umeshavunja masharti. Wiki inaanza Jumatatu na kuishia Jumapili, wala hakuna kufidia: 25 wiki hii na 15 wiki ijayo ni kosa, hata kama wastani wake ni 20. Na kampuni ya biashara ikikwambia "njoo ujitolee kwetu", hesabu kwamba ni kazi tu.

Sasa posho. Tumezoea kwamba anayejitolea hapewi mshahara ila bahasha ya siku haikosi. Huku, pauni 15 za mkupuo zisizo na risiti zinaweza kuhesabiwa kuwa malipo, na ukishalipwa wewe ni mfanyakazi. Unachoruhusiwa ni kurudishiwa ulichotumia hasa, yaani nauli ya basi na chakula cha mchana cha siku hiyo. Tunza tiketi, dai kiasi kilichoandikwa humo, basi.

Kabla ya kusaini chochote, omba karatasi usome. Ikisema "tunatarajia utatujulisha ukishindwa kuja", hiyo ni kauli ya kujitolea. Ikitaja adhabu ya kukosa zamu au muda wa kutoa notisi, ipeleke kwa washauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, si kwa rafiki aliyetangulia kufika. Anayetaka kufundisha timu ya mpira naye aulize kwanza, maana ukocha una katazo lake kwenye viza ya mwanafunzi.

Kazi nyingi za watoto na wazee zinahitaji uchunguzi wa rekodi za jinai, unaojulikana England na Wales kama DBS. Anayejitolea hatozwi ada ya serikali. Kinachokwamisha ni fomu. Inataka anwani zote za miaka 5 iliyopita, na mwezi mmoja ukiachwa wazi inarudi. Inauliza ulikokuwa ukiishi, kwa hiyo S.L.P. haitoshi, andika mtaa, kata na mji. Jingine ni majina: pasipoti ina matatu, taarifa ya benki ina mawili, na mhakiki anasimama hapo hapo. Fungua akaunti kwa majina ya pasipoti, kwa mpangilio ule ule.

DBS haioni rekodi za nje ya Uingereza, hivyo shirika linaweza kudai cheti cha tabia njema kutoka kwenu. Kichukue kabla hujaondoka, kwa polisi Tanzania au kupitia eCitizen kwa Mkenya. Kuchukuliwa alama za vidole ukiwa Leeds na kuzituma nyumbani ni usumbufu usio na sababu. Cheti cha DBS kikishatoka, una siku 30 za kukisajili kwenye huduma yao ya kukihuisha, bure kwa wanaojitolea, ili shirika jingine la kazi ya aina hiyo hiyo lisikuanzishe upya.

Uchunguzi na barua za wadhamini wawili hula wiki kadhaa. Mwenye shahada ya uzamili ya mwaka mmoja aombe mapema Oktoba. Akingoja Januari ataanza mitihani ikiwa mlangoni. Saa mbili au tatu kwa wiki zinatosha, siku isiyo na semina, kwa sababu chuo kinawajibika kufuatilia mahudhurio na "nilikuwa najitolea" si udhuru.

Na huyo wa uzamili asidanganywe na majira ya joto. Wenzake wa shahada ya kwanza wanakuwa likizo na wanaruhusiwa kufanya kazi kutwa. Yeye anaandika tasnifu, na kwa hesabu ya viza hiyo bado ni muhula. Saa 20 zinabaki 20 hadi tarehe ya mwisho wa kozi.

Mshauri wa wanafunzi,
Leeds, Uingereza