Mtoto wa miaka miwili na nusu anatafutiwa mlezi au anatafutiwa shule?

Ndugu Mhariri, salaam.

Januari inakaribia na lile swali limeanza tena huku kwetu Chamazi, kila nikipita na mwanangu wa mwisho mgongoni naulizwa huyu mwakani anaanza shule gani. Ana miaka miwili na nusu. Juzi mama mmoja tunayeheshimiana sana akaniambia mwenzangu unamchelewesha mtoto, wenzie wote wameshachukuliwa fomu. Usiku sikulala vizuri, nikaona bora niwaandikie, maana hili swali nilishalijibu vibaya mara moja na sitaki kurudia.

Binti yangu wa kwanza nilimpeleka bebi klasi Januari 2018 akiwa na miaka miwili na miezi nane. Nitasema ukweli kwanini. Sio kwamba nilikaa na baba yake tukamwangalia mtoto tukaona sasa yuko tayari, hapana, dada wa kazi alienda kwao Krismasi akapiga simu kwamba harudi, mimi nauza vitenge Kariakoo na saa mbili duka liwe limefunguliwa, mume wangu anaendesha daladala anatoka bado giza, mama zetu wote wawili wako mkoani. Sehemu pekee niliyoijua yenye geti na mtu mzima ndani ni shule. Basi nikalipa ada ya inglishi midiamu kumbe nilichokuwa natafuta ni mtu wa kunishikia mtoto.

Sasa shule ikampokea kama mwanafunzi, na kwa kweli wangempokeaje zaidi ya hivyo? Gari lilikuwa linapita kwetu saa kumi na moja alfajiri kwasababu lina mzunguko mrefu, kwahiyo saa kumi na nusu namuamsha, namvalisha soksi akiwa amelala, namkabidhi kwa dada wa gari mkate ukiwa mkononi haujaliwa. Wiki ya pili walianza homuweki, ukurasa mzima afuatishe herufi kwenye vidoti, vidole vyenyewe havijajua kushika kijiko vizuri. Mwisho wa muhula nikaletewa ripoti imeandikwa nafasi ya 19 kati ya 24. Mtoto hajafika hata miaka mitatu ana nafasi, na mimi Mungu anisamehe nilimuuliza kwanini amekuwa wa 19.

Kilichoniuma zaidi ni choo. Nyumbani alishaacha pampasi zamani, anasema vizuri tu mama kojo. Kule darasani ilikuwa lazima aombe ruhusa kwa Kingereza, mei ai go auti, asipoweza asubiri, na yeye hawezi, basi anarudi na nguo zimelowa kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nilidhani amerudi utotoni kumbe mtoto alikuwa anajua kabisa shida yake, alichokosa ni maneno ya lugha ambayo nyumbani hajawahi kuisikia.

Kuanzia hapo kila asubuhi tumbo linauma. Tulipima minyoo, tulipima yutiai, tulipewa dawa. Halafu ikaja Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya corona, nikampeleka kwa mama yangu Muheza mpaka zilipofunguliwa mwisho wa Juni, na miezi yote ile hakulalamika tumbo hata siku moja. Mama yangu ndio aliniambia kwa simu, huyu mtoto haumwi, huyu mtoto umemtoa mgongoni ukampeleka kwenye mtihani.

Mama yangu ni wa zamani, wakati wao darasa la kwanza lilikuwa miaka saba na kama cheti cha kuzaliwa hakuna mwalimu anakwambia pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili, ukifika unaandikishwa, usipofika unarudi nyumbani kuchunga kuku. Mimi mwenyewe wa pwani, nilienda chuo cha Kurani kwa ustadhi nikiwa mdogo sana, lakini nilimfuata dada yangu tu, nikisinzia nalazwa kwenye mkeka, hakuna aliyenidai kitu mpaka nilipoanza mwenyewe kuitikia na wenzangu. Sisemi turudi kule, wengi walianza wakiwa na miaka tisa au kumi na wengine hawakuanza kabisa. Nasema tu kwamba zamani mtu alimwangalia mtoto mwenyewe ndio akaamua, siku hizi tunaangalia mtoto wa jirani.

Na hesabu ya usingizi peke yake inatosha kutushtua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 anatakiwa alale saa 10 hadi 13 kwa siku, ukihesabu na usingizi wa mchana. Anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri, ili apate hizo 10 tu za usiku inabidi awe amelala saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa hiyo mimi niko kwenye foleni ya Kilwa Road, sijamwona mwanangu tangu asubuhi. Ama alale bila kuniona, ama anisubiri akose usingizi. Nilichagua anisubiri, na yeye akawa anasinzia darasani, mwalimu ananiandikia kwenye dayari mtoto hayuko makini.

Mtoto wa pili nilifanya tofauti. Kuna mama hapa mtaani anakaa na watoto sita saba uani kwake, wanachezea mchanga na vifuniko vya soda, wanaimba, mchana wanapanga mstari wa ndala mlangoni wanalala, jioni namkuta mchafu ana njaa ana hadithi za kuniambia. Alikaa pale mpaka Januari 2024 akaanza awali shule ya msingi ya serikali hapahapa karibu, akikaribia miaka mitano, mwaka ule ule mtaala mpya ulipoanza. Anaenda kwa miguu na watoto wa jirani, anafundishwa kwa Kiswahili, choo anaomba kwa lugha yake. Tumbo halijawahi kumuuma.

Ila sitaki mtu aondoke na picha kwamba awali ya serikali haina shida. Darasa lile lilikuwa na watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja, wakati kiwango kinachotajwa cha awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Siku za kwanza mwanangu alikaa chini mwezi mzima. Mwalimu yule namheshimu mpaka leo, alikuwa anawajua kwa majina wote, lakini hakuna mtu anaweza kuwaangalia watoto mia wakishika penseli. Kwahiyo mzazi anayekimbilia inglishi midiamu kwasababu ya mia ile simlaumu hata kidogo. Na binti yangu wa kwanza yuko darasa la tano sasa, anasoma vizuri, sijui nimemharibu wapi na pengine sikumharibu. Lakini kaka yake alipofika darasa la kwanza alijifunza kusoma ndani ya miezi michache bila kuwa ametoa machozi miaka mitatu, sasa ile miaka mitatu ya dadaake tulikuwa tunanunua nini?

Ndio maana wazazi wenzangu naomba tuwe wakweli kabla ya kuchukua fomu. Kama huna wa kumwachia mtoto, sema hivyo, hiyo sio aibu, wengi wetu tuko hivyo. Halafu nenda katafute malezi, uulize analala wapi mchana, nani anamsafisha, dada mmoja ana watoto wangapi, wanacheza saa ngapi, akilia anabebwa au anaambiwa anyamaze. Usiulize wanafundisha kompyuta. Sheria ya Mtoto ya 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na serikali ilizindua ile programu ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, Desemba 2021, lakini huku kwetu kituo kilichosajiliwa cha bei ya muuza vitenge sijakiona, ninachoona ni mabango ya shule tu. Yule mama wa uani hajasajiliwa, anaogopa hata kuuliza masharti kwasababu anafikiri atafungiwa. Watu wa ustawi wa jamii wangemfuata wakamfundisha wakampa karatasi, wangekuwa wamewasaidia akina mama wengi sana kwa mpigo.

La mwisho ni kuhusu magari. Machi 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, wazazi wengine tulinung'unika, lakini ilikuwa ni sahihi, mtoto mdogo anatakiwa akae na watu wake. Sasa huyu anayechukuliwa saa kumi na moja alfajiri akarudishwa saa kumi na moja jioni, watu wake anakaa nao saa ngapi? Naomba Wizara iweke saa ambayo gari la shule haliruhusiwi kumchukua mtoto wa chini ya miaka sita kabla yake, na iseme wazi kama ripoti ya kumpa nafasi mtoto wa bebi klasi inaruhusiwa. Na gazeti lenu naomba mtume mwandishi asimame pale Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri siku yoyote ya shule, aangalie kwenye vioo vya magari ya shule, atawaona wamelala vichwa vimeegemea dirishani.

Mimi wa mwisho nimeshaamua, mwakani anaenda uani kwa yule mama.

Mama wa watoto watatu,
Chamazi, Dar es Salaam.